Matembezi ya Jumapili Mji Mkongwe

Asalaam alaykum jamani, Jumapili tunaanzia Shangani saa 1 asubuhi kabla jua halijawa kali, tafadhali msichelewe. Tutasimama sana kwenye nyumba ya Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyefariki hapa Unguja 1905, na mimi nataka tuongelee wale watumwa pia sio uzuri wa mlango tu maana pesa iliyojenga majumba mengi haya ilitoka huko. Halafu angalieni juu kwenye dari muone boriti za mikoko, urefu wake ndo uliamua upana wa chumba, ndo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, kuta nazo ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukizipiga saruji haziwezi kupumua, unyevu unabaki ndani zinaoza taratibu, inaniuma sana kuona watu wanaendelea kufanya hivyo. Tukimaliza tunapita Forodhani kuitazama Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la masultani, iliyoporomoka upande mmoja Desemba 2020. Kuna watu wanaishi humo majumbani kwahiyo hodi kwanza, picha baadae na kwa ruhusa.