Nitapata wapi watu wa kukutana nao nje ya kanisa na baa?

Shangazi,

Usiku wa kuamkia leo sikupata usingizi tena. Niliacha kwenda kanisani kwa sababu imani ilinitoka, wala sikugombana na mtu. Pombe nayo sijawahi kuionja, kwa hivyo usinidhanie kuwa nilifuata anasa. Kinachoniuma ni kwamba mama yangu alipofariki, hakuna mwanajumuia hata mmoja, yaani wale majirani wa kundi letu dogo la sala, aliyefika Vihiga kumzika, ilhali miaka yote nilitoa mchango, nikatafuta matatu za kuwabeba waombolezaji na kukesha katika matanga yao. Mke wangu anasema nilijitenga mwenyewe. Mimi niliacha Misa tu, nao niliendelea kuwasalimia na hata kuchanga mmoja wao alipolazwa hospitalini.

Hapa Nakuru, hasa tangu tupewe hadhi ya jiji mwaka 2021, majirani huhamia na kuhama kabla hujajua majina yao, na mkutano wa Nyumba Kumi mtaani kwetu huitishwa tu wizi unapotokea. Wenzangu kazini hukutana baa kila Ijumaa. Nimejaribu kupanda Menengai Jumamosi asubuhi, lakini wanaokwenda huko huwa wamekuja na wenzao, na maktabani kila mtu huinamia kitabu chake. Wanaonivutia ni wazee wanaocheza drafti chini ya mjakaranda karibu na stejini, kwa sababu hukutana kila jioni, na mmoja wao akikosa kufika, humpigia simu kabla ya kupanga vile vifuniko vya soda ubaoni. Huwa nasimama nyuma yao nikitazama, kwani sijui mtu mzima huombaje kukaribishwa.

Sisemi haya ili wanajumuia wanirudie, kwa maana siwahitaji. Hata hivyo, wanapokutana kwa jirani siku ya Alhamisi na kuja kuazima viti vyangu vya plastiki, mimi huvipanguza vumbi kwanza ndipo nikawapa, kisha nasikiliza nyimbo zao hadi wa mwisho aondoke. Iweje watu wanaoijua njia ya kufuata viti kwangu washindwe kufika kaburini kwa mama?

Je, watu wasiosali pamoja wala kunywa pamoja wanaweza kweli kuzoeana hadi wakazikana? Naomba unijibu kabla ya Alhamisi, kwa kuwa zamu ya kuwapokea wanajumuia imemfikia mke wangu, anataka waje kwetu, nami sijamjibu.

Msomaji wako, Nakuru