Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Ruzuku: ile simu ya saa tano usiku haipo kwenye bajeti yako

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kwanza. Najua hii barua ilitakiwa ipite kwa afisa miradi wako halafu yeye ndo aipandishe kwako, lakini huko nimeshapita mara tatu na kila mara najibiwa "imepokelewa", nimechoka kupokelewa, kwa hiyo leo naiweka hapa wazi na wengine waisome.

Mimi ni yule wa hesabu na ripoti kwenye kikundi kidogo cha kutetea waandishi wa habari. Watu wanne, chumba kimoja, printa inayotafuna karatasi. Hela ya taasisi yenu ndo inafanya tuwepo, hilo silifichi na wala sisemi kwa kujipendekeza.

Sasa kuna Ijumaa moja, saa tano usiku hivi, simu inaita. Mke wa mwandishi mmoja, ananong'ona watoto wasiamke, anasema wamekuja wanaume wanne wamemchukua mume wake na laptopu na simu zote mbili. Kwa kazi hii masaa ya mwanzo ndo kila kitu, mwanasheria akiwahi kituoni mtu anaandikwa kwenye kitabu, na akishaandikwa si rahisi tena kuambiwa "huyo hatumjui". Mwanasheria tunaye, keshavaa viatu, anataka mafuta ya gari tu na hela kidogo ya kuanzia. Nafungua bajeti. Kwenye mafunzo hela imelala pale inanitazama, semina ya usalama wa kidijitali, ukumbi, posho, mabango mawili yenye nembo yenu. Kwenye dharura sifuri, maana kile kifungu mlikifyeka mkasema hakina kiashiria, yaani kipimo cha kuonyesha matokeo. Nikitaka kuhamisha hela niandike barua, nisubiri siku kumi za kazi. Siku kumi za kazi, bosi, na mtu yuko ndani! Tukachangishana kwenye grupu la WhatsApp, mwanasheria akaondoka saa saba usiku, Jumatatu jamaa akatoka kwa dhamana. Baadae mkaguzi akanikalisha chini akaniuliza hayo mafuta yalilipwa na nani mbona vitabuni hayapo, nikamwambia mifuko yetu, akaandika kitu, sijui aliandika nini mpaka leo.

Halafu ile fomu yenu. Kuna kisanduku cha "idadi ya walionufaika". Semina ya watu arobaini ukumbini ni 40. Mtu aliyetolewa mahabusu ni 1. Hata ningekuwa mimi kwenye bodi yenu ningeona hawa wa semina ndo wachapakazi. Na sisi tumeshausoma huo mchezo, tusidanganyane, tunaandika semina kwenye kila andiko la mradi kwa sababu semina inalipa, kuna mwandishi mmoja nimemfundisha nywila mara nne na kila safari nimemhesabu upya. Hapo kosa ni letu pia.

Ruzuku ya miezi kumi na miwili tu nayo ni shida nyingine. Daphne Caruana Galizia, mwandishi wa habari za uchunguzi, alipouawa kwa bomu la gari kule Malta Oktoba 2017 alikuwa na kesi za kashfa zaidi ya 40 shingoni, na yeye kaburini baadhi ya kesi zikaendelea, zikarithiwa na familia yake. Kesi kama hizo anayefungua mara nyingi hana haja hata ya kushinda, anataka ulipe wakili mpaka ufilisike. UNESCO, shirika la elimu na utamaduni la Umoja wa Mataifa, nao kwa miaka wanasema mauaji ya waandishi karibu asilimia 85 hayamaliziwi na haki yoyote. Sasa mtu anafuatilia faili la miaka saba kwa mradi wa mwaka mmoja anafuatiliaje? Mwaka ukiisha mwanasheria anakwenda kutafuta riziki kwingine na faili linabaki kabatini.

Msiniambie haiwezekani. Ford Foundation, wafadhili wa Marekani, walianza mpango wao wa BUILD mwaka 2016, dola bilioni moja, ruzuku ya miaka mitano na sehemu kubwa kikundi chenyewe kinajiamulia itumike wapi. MacKenzie Scott, yule tajiri wa Marekani, anatoa hela hata masharti haweki. Na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje tuliona wote, Reporters Without Borders, shirika la kutetea waandishi, walisema zaidi ya dola milioni 268 zilizotengwa kwa ajili ya vyombo huru vya habari zimeguswa, watu walilala na mradi wakaamka hawana. Kikundi ambacho hakijawahi kuruhusiwa kuweka hata akiba ya mishahara ya miezi mitatu hapo kinafanyaje, kinafunga tu.

Nembo nisiisahau. Kuibandika kila mahali kwenu ni matangazo, kwetu inageuka ushahidi. Urusi ina sheria ya "mawakala wa kigeni" kwa vikundi vinavyopokea hela za nje tangu 2012, Hungary walileta yao 2017 mpaka mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaikataa 2020, Ethiopia kuanzia 2009 hadi 2019 kikundi cha haki za binadamu hakikuruhusiwa kupata zaidi ya asilimia 10 ya hela zake kutoka nje. Mimi sisemi tufiche, vitabu vyetu viko wazi aje yeyote. Nasema bango lenye nembo nyuma ya mwandishi aliyetoka mahabusu jana lisiwe sharti la mkataba.

Ninachoomba sio hela zaidi. Hiyo hiyo, ila iwe ya miaka mitatu, robo yake tuitumie bila kuomba ruhusa, risiti mtazikuta.

Ripoti ya robo hii naileta tarehe ile ile kama kawaida. Semina hatujafanya. Kwenye kile kisanduku nimeandika 1, msinirudishie mkisema nimekosea kujaza.