Rehema, ile rejea namba 14

Rehema shoga yangu,

Salamu nyingi. Huku wazima, mama anakuulizia kila siku na anataka kujua zile kanga zilimfikia Bi Mkubwa au bado. Ningepiga simu, ila ukiwa zamu hupatikani, na hili nililo nalo ni refu.

Sura ya pili ya tasnifu yako nimeimaliza kuisoma jana usiku. Pale ulipoeleza akina mama wanavyoachwa na maumivu baada ya kufanyiwa upasuaji, nilisoma mara mbili. Shida yangu ni rejea namba 14. Umeandika kwamba mgonjwa anayepewa mofini, ile dawa kali ya maumivu, na dawa za jamii yake ni nadra kupata uraibu, ukawataja Porter na Jick, 1980. Hiyo umeisoma yenyewe, au umeikuta kwenye makala ya mwingine ukaihamisha?

Maana ile si makala ya utafiti, shoga. Ni barua ya sentensi tano kwa mhariri wa jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Walipitia kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa hospitalini: 11,882 walikuwa wamepewa dawa hizo angalau mara moja, na kati ya wale wasio na historia ya uraibu, wanne tu ndio walioonekana kuupata. Imeishia hapo. Mtu aliyeandikiwa vidonge akaenda kuvimeza nyumbani miezi na miezi hayumo kabisa. Lakini waandishi wakapokezana, huyu akimnukuu yule, hadi barua ikapewa hadhi ya utafiti mkubwa. Mwaka 2017 watafiti wa Canada walihesabu maandishi 608 yaliyoinukuu. Zaidi ya asilimia 70 yaliitumia kuthibitisha kwamba uraibu ni nadra, na asilimia 80 hivi hayakusema kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Watu wamekufa kwa maelfu kule Marekani kwa dawa hizo! Jarida lenyewe limeweka tahadhari kwenye barua ile.

Sikuambii uifute. Wagonjwa wako nao wamelazwa wodini, kwa hiyo inaweza kukufaa, mradi useme inachosema na usiizidishie. Hoja yako ni ya kweli: hapa kwetu mgonjwa anateseka kwa kukosa mofini, na hofu ya uraibu ni sababu mojawapo. Ndiyo maana inaniuma. Mtahini akiishika rejea hiyo moja, ataanza kutilia shaka hata takwimu ulizokusanya mwenyewe wodini, na wale akina mama ndio watakaopoteza.

Mengine ni madogo. Mtindo wa Vancouver wa kuandika marejeo unataka namba zifuate mpangilio wa kutajwa, wewe kuanzia ukurasa wa 9 umerudi kwenye majina na miaka. Programu ya marejeo itakurekebishia hilo, ila haiwezi kukusomea makala. Namba 14 isome. Hata na zile zote ulizoandika "tafiti zinaonyesha".

Sasa nijibu: msimamizi anaitaka lini? Namba 22 na 23 zinasema kitu kilekile, je, mmoja amemnukuu mwenzake? Nikutumie ile barua ya 1980 na ile ya 2017, au maktaba yenu inazo? Na Tanga tunakwenda Desemba au ndiyo umeshabanwa na zamu?

Wako,
Zuhura