Rosa Mistika: tukutane Jumamosi

Wapendwa, habari za jioni.

Nimesikiliza sauti zenu zote kuhusu Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, hata ile ya dakika 9 (mwenyewe anajijua). Kumbe Zakaria, baba yake Rosa, ametugawa hivi! Wengine mnasema baba mkali si kosa, alikuwa anamlinda binti yake. Wengine mlifunga kitabu pale anapompiga Rosa kwa ajili ya barua ya kijana Charles, mkashindwa kuendelea mpaka kesho yake. Mimi niko na hawa wa pili. Mlevi aliyemwachia mkewe Regina mzigo wote wa nyumba anapata wapi ubavu wa kulinda maadili?

Mama mmoja humu amegusia alivyokisoma kwa kujificha, kimefunikwa gazeti, enzi kilipokuwa kimepigwa marufuku mashuleni. Kilitoka 1971, na Kezilahabi alikuwa kijana bado. Mama, hiyo habari usiimalizie humu, tuletee uso kwa uso.

Ni saa 10 jioni, pale pale. Ambao hamjafika mwisho njooni tu, ila msilalamike tukiwafichulia. Na nakala yangu iliyoazimwa tangu mwezi wa 3 naomba irudi, hata kama haina jalada.