Taarifa ya Mwenyekiti wa Tawi la Mashabiki wa Simba kwa Wanachama, Msimu wa 2024/25

Ndugu wanachama, wajumbe wenzangu wa kamati, wazee wetu na kina dada wa tawi, Nguvu Moja! Poleni na majukumu na poleni na msimu maana haukuwa mwepesi. Hii taarifa nimeiandika mwenyewe usiku, Katibu kaipitia hesabu tu, kwahiyo kama kuna maneno yatamgusa mtu ajue yametoka kwangu asimlaumu Katibu wala dada yetu Mhazini.

Shughuli za kawaida mnazijua sitapoteza muda. Tulikaa vikao 11, tulizika mara nne (Mungu awapumzishe wapendwa wetu), tulitembelea wagonjwa, tulifanya usafi pale zahanati mwezi wa tatu, tulienda uwanja wa Mkapa mechi za nyumbani kila ilipowezekana isipokuwa ile ya Constantine ya Algeria ambayo mashabiki tulifungiwa baada ya yale mambo ya viti kuvunjwa siku ya Sfaxien ya Tunisia. Bendera kubwa imeshonwa upya. Ngoma imepasuka ngozi, nitaisema mwishoni.

Sasa hesabu. Kwenye daftari tupo 84. Ada ni 2,000 kwa mwezi, yani bei ya chipsi kavu, kwa mwaka mzima tulitakiwa kuwa na 2,016,000. Tumekusanya 931,000. Waliolipa miezi yote 12 ni watu 31, hao wengine mmoja kalipa miwili, mwingine mitano, wapo ambao toka wachukue kadi hawajaonekana ila kwenye grupu wanaongoza kuandika. Mpenzi mmoja wa timu asiyetaka kutajwa alitupa 150,000, jumla ikawa 1,081,000. Matumizi: misiba 400,000, chumba cha ofisi 240,000, bendera na ngoma 135,000, umeme, chai ya vikao na mengineyo 93,500. Tumebaki na 212,500. Risiti zipo kwa Mhazini, anayetaka aende akazione, mlango wake haujawahi kufungwa.

Na mahudhurio ndo yaliyonichosha zaidi kuliko hela. Kikao cha Februari tulikuwa tisa. Tisa, na mmoja alikuja kuulizia jezi. Mimi natoka kazini Kariakoo saa kumi na moja, nagombania daladala mpaka huku Mbagala, nafika sijala nakuta viti vya plastiki nimevipanga mwenyewe wiki iliyopita vipo vilevile. Halafu kikao cha tarehe 1 Juni, wiki moja baada ya fainali, walikuja watu 46! Sijawahi kuona. Watu wamesimama mpaka nje ya kibanda umiza. Hawakuja kwa ajili ya ada, walikuja na hasira zao, na hapo ndo palipoanzia hili jambo ambalo mpaka leo linasemwa saluni, kwenye kijiwe cha kahawa na hata msibani, kwamba Mwenyekiti alikataa kusaini barua. Naomba leo niliseme lote liishe.

Ila kabla ya barua kuna ile safari, maana vinaenda pamoja.

Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na RS Berkane ya Morocco ilipohamishiwa uwanja wa Amaan Zanzibar, wengi mlikata tamaa ya kwenda. Mimi ndo niliyekwenda bandarini mara tatu kufuatilia nafasi za boti. Tulipata nafasi 22, kila mtu alitoa 110,000 ya boti kwenda na kurudi, tiketi na kula, jumla 2,420,000 na hakuna hata mia ya mfuko wa tawi iliyotumika pale. Waliotaka kwenda walikuwa 27. Kamati ikapitisha kwamba kipaumbele ni aliyelipa ada. Sasa mnasema nilimpendelea mzee wetu, yule aliyeanza kushabikia timu hii kabla wengi wetu hatujazaliwa, kwamba alikuwa anadaiwa miezi saba na nafasi yake ilikuwa ya kijana wetu wa bodaboda. Ni kweli alikuwa anadaiwa. Lile deni, 14,000, nililipa mimi kwa hela yangu siku ya Alhamisi kabla ya kufunga listi, kwahiyo siku ya listi alikuwa hadaiwi, utaratibu haukuvunjwa. Na kijana wetu nilimfuata mwenyewe kijiweni kwake nikamwelezea. Mzee huyu mwaka 1993 alikuwepo Uwanja wa Taifa, huu tunaouita Uhuru sasa, siku Stella Abidjan walipotufunga 2-0 baada ya sare ya 0-0 kule kwao. Miaka 31 na ushee anasubiri fainali nyingine ya Afrika, halafu ifike ichezwe hapo ng'ambo ya maji mimi nimwambie baba hujalipa ada? Nisingeweza, na leo ikirudi nitafanya vilevile.

Alikaa kushoto kwangu. Toka dakika ya 80 alinishika mkono hapa kwenye kiwiko akawa haachii, ana vidole vigumu kazi yake ilikuwa useremala, na kila mpira ukienda kwenye boksi la Berkane anaminya. Nilirudi nyumbani mke wangu akauliza hizi alama ni za nini.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Mutale katufungia dakika ya 17, uwanja mzima mwekundu, kila mtu anaamini. Kipindi cha pili hakijakaa sawa Kagoma kapewa kadi nyekundu, tukabaki kumi. Na kumi wale walicheza jamani! Mukwala akaweka mpira wavuni, mimi nikamkumbatia mtu nisiyemjua mpaka kofia yangu ikapotea, VAR, wale marefa wa video, wakasema kaotea. Halafu dakika ya 90 na tatu za nyongeza Sidibé akasawazisha, 1-1, jumla ya mechi mbili wao 3 sisi 1. Mkono wa mzee ukaachia. Hakusema kitu mpaka tunafika Michenzani tulipolala, wengine ndani wengine barazani, akakaa akavua viatu akaviweka pembeni vizuri akasema "haya, wamechukua." Basi.

Ubishi ulianza palepale barazani. Mmoja anasema kocha angefunga, arudishe watu nyuma tulinde bao moja. Mwingine anasema angeongeza straika hata kama tupo kumi. Usiku kucha, kwenye boti Jumatatu asubuhi watu wanatapika na bado wanabishana, na ubishi huohuo ndo ukazaa barua ya kuutaka uongozi wa juu umfukuze kocha Fadlu Davids kwa maamuzi yake ya dakika za mwisho.

Kwa katiba yetu barua yoyote ya kwenda juu inasainiwa na Mwenyekiti. Watu 38 kati ya 46 walinyoosha mikono. Nikasema sisaini. Nimeitwa kibaraka, nimeitwa mla hela za uongozi, kuna mtu aliniambia mbele ya mwanangu kwamba nimenunuliwa kwa jezi mbili. Sina jezi mbili, ninayo moja na niliinunua.

Sababu zangu ndo hizi na nilizisema siku ile ila kelele zilikuwa nyingi. Kwanza, tulikwenda Zanzibar tukiwa tumeshafungwa 2-0 kule Berkane. Dakika ya 14 tu tulikuwa tumeshakula mbili! Sasa wewe unayesema dakika ya 85 tufunge mlango tulinde 1-0, unalinda nini? 1-0 ilikuwa inawapa wao kombe. Ilikuwa lazima twende mbele, na ukienda mbele mpo kumi mgongo unabaki wazi, lile bao la Sidibé ni gharama ya kutafuta kombe, siyo uzembe. Ukitaka kulaumu laumu zile dakika 14 za Morocco, pale ndo kombe lilipoondoka, ila pale hakuna aliyekuwepo na wengi mlikuwa hata hamjakaa vizuri kwenye viti.

Pili, kocha huyuhuyu Desemba 15 na Sfaxien tupo 1-1 dakika zimeisha, hakurudi nyuma, Kibu akafunga kwenye muda wa nyongeza watu mkanibeba mabegani. Al Masry walitufunga mbili kwao, tukarudisha mbili kwa Mkapa tukaenda penalti tukashinda 4-1. Stellenbosch tumewafunga kwa faulo ya Ahoua tukaenda Durban tukalinda 0-0 dakika 90 nzima. Kwahiyo kulinda anajua na kufuata bao anajua. Haiwezekani dakika za mwisho zikitupa raha ni za wachezaji, zikituumiza ni za kocha.

Tatu, na hili ndo la msingi, ile timu ilikuwa na miezi kumi tu. Msimu wa 2023/24 tulimaliza wa tatu, Azam wametupita kwa magoli, ndo maana tukaenda Shirikisho. Chama kaenda kwa watani wetu Yanga, Bocco kaondoka, Inonga kaondoka. Julai na Agosti 2024 wakaletwa vijana, Camara golini, Ahoua, Mutale, Mukwala, Ateba, watu ambao hata majina yao tulikuwa tunayakosea, na Mei 2025 wapo fainali ya Afrika, ligi tumemaliza na pointi 78 watani 82, Ahoua mfungaji bora mabao 16. Timu ya namna hiyo unaijengea, hauivunji.

Najua mtasema na Yanga je. Kweli, hilo sina pa kulikwepa. Tumefungwa Oktoba kwa bao la kujifunga la Kijili dakika ya 86, tumefungwa Juni 25 siku ambayo tulihitaji ushindi tuchukue ubingwa, penalti ya Pacome halafu Mzize akamalizia dakika ya 86 tena, wakabeba ubingwa wa nne mfululizo, na juzi tu Septemba 16 kwenye Ngao ya Jamii wametufunga 1-0. Inaniuma, naishi nao nyumba moja, mpangaji mwenzangu ni Yanga na anapiga vuvuzela dirishani kwangu. Lakini angalieni hizo dakika, 86 na 86. Timu inachoka. Inachoka kwa sababu benchi ni jembamba, mtu wa kumpumzisha namba sita, yani kiungo mkabaji, hayupo, mabeki wa kati wakiumia wawili tunaanza kuomba dua. Hilo ni suala la usajili, halihusiani na kocha kunyanyua mkono dakika ya 85.

Halafu tukafanya nini? Dirisha lilipofunguliwa Tshabalala, nahodha, miaka zaidi ya kumi na sisi, kavuka kwenda kwa watani. Siku ile sikula. Che Malone kaenda USM Alger, kiungo wetu Fabrice Ngoma naye kaondoka. Wamekuja De Reuck, Maema, Sowah, Bajaber, Mligo, Yakoub, ni wachezaji wazuri siwakatai, De Reuck yule ni beki wa maana kabisa. Lakini mgongo wa timu umeondoka, kushoto kote mpya, kati kupya, yani tunajenga upya juu ya nyumba ambayo haijapigwa hata plasta. Na mwezi huu Fadlu kaondoka mwenyewe kaenda Raja Casablanca. Waliotaka barua ndo haohao wiki iliyopita wananipigia simu "Mwenyekiti tufanyeje". Sisemi haya kumsuta mtu, nasema kwa sababu jina langu lilichafuliwa miezi minne na hakuna aliyerudi kunisafisha.

Ila nakiri jambo moja. Siku ile ya Juni 1 niliondoka kikaoni kabla Katibu hajafunga, nikawaacha watu wanazungumza wenyewe. Haikuwa sawa kwa kiongozi, niliudhika. Naomba radhi kwa hilo la kuondoka tu, kwa barua siombi radhi.

Tunachotakiwa kuusemea uongozi wa juu, na barua hiyo nitaisaini hata leo, ni mikataba. Mchezaji mzuri asifikishwe mwisho wa mkataba bila kuongezewa, tumeona kwa Chama, tumeona kwa Tshabalala. Namba sita wa pili. Beki wa kushoto wa kumsaidia Mligo. Na kocha anayekuja apewe walau misimu miwili, tusianze kuhesabu sare zake.

Mipango ya mwaka ujao, Mungu akitujalia, tunategemea tupate kiwanja kidogo cha ofisi yetu wenyewe, kuna sehemu tumeonyeshwa tunaendelea kuongea. Tunatarajia pia kuanzisha mfuko wa mikopo midogo kwa kina dada wa tawi, na timu ya watoto hapa mtaani, jezi tutaangalia namna. Mfadhili akipatikana tutawajulisha.

Wale 53 wasiomaliza ada majina yatabandikwa mlangoni kuanzia Jumatatu, ya wajumbe wa kamati yakiwemo. Ada ya Oktoba mwisho tarehe 5, mpelekeeni dada Mhazini mkononi au kwa simu, namba ni ileile. Wanaotaka uongozi fomu zipo kwa Katibu, hata kiti changu kipo wazi. Mzee wetu anaumwa miguu hawezi kuja vikaoni kwa sasa, anaomba mechi za usiku mtu ampitie amsogeze kwenye kibanda, ni nyumba ya tatu toka msikitini. Ngoma ipo kwangu nyuma ya mlango, anayemjua fundi wa kuwamba ngozi anitafute kabla mechi za nyumbani hazijashika kasi.

Mwenyekiti wa Tawi
Mbagala, Septemba 2025