Risala ya klabu yetu ya sayansi na kilimo kwa mgeni rasmi: hewa ukaa, mbegu za GMO na funza wa pamba

Mheshimiwa mgeni rasmi afisa kilimo wetu, mkuu wa shule, walimu, wazazi wetu mlioacha palizi mkaja kutusikiliza, na wanafunzi wenzetu, tunawasalimu wote, wakubwa shikamooni.

Mgeni rasmi, hatutakusomea historia ya klabu, tunaenda moja kwa moja kwenye kitu kinachotuuma. Huku Simiyu wengi wetu ada zetu zimetoka kwenye pamba na funza wa vitumba, yani matunda ya pamba, tunamjua vizuri. Ukishika kitumba alichoingia unaona kitundu cha duara, kinyesi chake kibichi kimerundikana pembeni, ukipasua unamkuta kajikunja ndani anakula mbegu changa, na akishafika humo dawa ya bomba haimpati tena.

Wazazi wanatuuliza mbona wenzetu Kenya tangu 2020 wanapanda pamba ya GMO, yani iliyobadilishwa vinasaba, ile ya Bt, sisi bado? Mbegu ile imewekewa jeni ya bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, kwa hiyo mmea wenyewe unatengeneza protini ambayo funza mchanga akiila utumbo wake unatoboka, anaacha kula, anakufa. Inafanya kazi kweli na inapunguza kupuliza dawa, sisi sio watu wa kuikataa kwa maneno ya vijiweni.

Ila mgeni rasmi kuna jambo ambalo kwenye mabishano ya kukubali au kukataa halisemwi kabisa, nalo ni hewa. Kabla ya viwanda hewa ukaa (kaboni dayoksaidi) ilikuwa kama sehemu 280 kwa kila milioni, walipoanza kuipima Mauna Loa kule Hawaii mwaka 1958 ilikuwa kama 315, sasa hivi imepita 420. Pamba inaipenda hiyo hewa, inakua haraka na inanenepa, lakini jani lake linakuwa na wanga mwingi na naitrojeni, kirutubisho cha kutengeneza protini, kidogo, yani ni sahani ya ugali mwingi na mboga kiduchu, kwa hiyo kiwavi anakula majani mengi zaidi ndio ashibe protini. Na ile sumu ya Bt nayo ni protini, inahitaji naitrojeni hiyo hiyo! Kwenye majaribio ya Marekani walipopandisha hewa ukaa sana, pamba ya Bt iliyokosa naitrojeni ilitengeneza sumu pungufu. Sasa jiulize mgeni rasmi, hapa kwetu nani anaweka mbolea kwenye pamba? Wengi hawaweki. Mahindi yenyewe yana namna nyingine ya kufyonza hewa hiyo kwa hiyo hayabadiliki sana, lakini pamba ndio maisha yetu.

Tena sumu ikipungua haimaanishi tu funza wachache wanapona, wanaopona ni wale wagumu na ndio wanaozaliana. Afrika Kusini walianza mahindi ya Bt 1998 na kufikia 2007 ikaripotiwa kwamba funza wa mabua amekuwa sugu, India nako funza wa pamba wa rangi ya pinki ameishinda. Sehemu kubwa ya sababu ni watu kutopanda eneo la mbegu za kawaida pembeni, pale wadudu wasio sugu wanapobaki wakapandana na wale sugu ili usugu usienee haraka.

Halafu kuna wadudu mafuta na chawa jani. Hao wanafyonza utomvu na sumu ya Bt inayolenga viwavi haiwagusi, China kaskazini walipopunguza kupuliza dawa kwa sababu ya pamba ya Bt kunguni wa mimea wakaongezeka, utafiti ukatoka 2010. Na hewa ukaa ikizidi mmea wenyewe unaweza kulegea kwenye kujilinda, kama soya za Illinois ambazo mbawakawa wa Kijapani walizila zaidi kwa sababu kemikali za kujikinga zilishuka, hilo lilionekana shambani sio maabara tu.

Kwa hiyo ombi letu mgeni rasmi sio ulete GMO wala uzuie. Jaribio la mahindi ya GMO kule Makutupora, Dodoma, lilianza 2016 baadaye likasimamishwa, na kama siku moja zamu ya pamba itafika tunaomba utufikishie ujumbe kwa watafiti wa pamba wa kituo cha Ukiriguru, Mwanza, wajaribu kwenye udongo uliochoka kama wetu, bila mbolea na yenye samadi, wapime sumu kwenye jani kila baada ya wiki kadhaa mpaka vitumba vipasuke, maana mbegu iliyofaulu kwenye shamba lenye mbolea haituambii kitu sisi.

Kwa upande wetu tunaomba mitego ya feromoni, yani harufu inayovuta nondo, na kipimo cha udongo, tutahesabu nondo wanaozaa funza hao na wadudu mafuta kila wiki na daftari litakuja ofisini kwako mwisho wa msimu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.