Mwanangu, kabla hujalilipia hilo Range Rover

Mwanjelwa, Mbeya

Mwanangu Ambakisye,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, baridi tu ndiyo imeanza kuuma.

Picha ulizonitumia za Range Rover Sport ya mwaka 2008 nimezitazama mara nyingi, na nimemwonyesha pia fundi aliyepanga uwanja nyuma ya duka letu. Ni gari zuri, wala sitasema kwamba halikunivutia. Umeniambia kwamba muuzaji aliyeko Dar es Salaam anataka shilingi 28,000,000, kwamba unazo, na kwamba unasubiri neno langu kabla ya mwisho wa mwezi. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa sababu nina mengi ya kukueleza na ningependa uyasome ukiwa umetulia.

Neno langu ni kwamba usilinunue. Sasa nakuomba usikilize sababu zangu.

Tangu baba yako alipotutoka nimekaa nyuma ya kaunta ya duka hili la spea, na magari nimeyajua kwa vitu ambavyo wenyewe huja kuvitafuta. Mwenye Prado akija asubuhi kutaka bushi, shokapu, pedi za breki au mkanda wa taimingi wa ile injini ya dizeli ya Toyota, 1KD, mara nyingi huondoka navyo kabla ya saa nne, na nisipokuwa navyo mimi jirani yangu anavyo. Mwenye gari kama hilo lako akija, kazi yangu ya kwanza ni kupiga simu Dar es Salaam, na wa Dar es Salaam naye hupiga Dubai. Kipuri husafiri kwa basi usiku kucha, na kikifika kumbe sicho, kinarudishwa na tunaanza upya. Muda wote huo gari limeegeshwa juu ya magogo na mwenyewe anapanda daladala.

Mwaka juzi, mwezi wa Julai, mteja wetu mmoja wa mtaa wa Forest hapa Mbeya alituita nyumbani kwake, mimi na fundi. Gari lake la kifahari, lenye springi za upepo, aliliegesha jioni likiwa limesimama sawasawa, na asubuhi akalikuta limelala upande wa nyuma kushoto kama ng'ombe aliyepiga magoti, tairi limefunikwa na bodi. Fundi alikoroga sabuni ya unga kwenye kopo, akachovya brashi na kuupaka ule mfuko wa mpira unaoshika upepo, nasi tukainama wote watatu kutazama. Penye mkunjo mmoja, mahali padogo kama ukucha wa mtoto, mapovu yakaanza kutoka moja baada ya jingine. Ufa wenyewe hatukuuona kwa macho. Kwa ajili ya ufa huo kompresa ilikuwa imefanya kazi miezi mingi bila kupumzika, ikijaza upepo uliokuwa ukitoroka, hata nayo ikaungua. Mtu aliyedhani anahitaji mfuko mmoja akajikuta ananunua mfuko na kompresa, na fundi akamwambia wazi kwamba mifuko mitatu iliyobaki ina umri uleule. Hilo lako nalo linasimama juu ya mifuko minne ya namna hiyo, na lina umri mkubwa kuliko ndoa yako.

Injini ndiyo inayonitia hofu zaidi. Hiyo ya dizeli, V6 ya lita 2.7, ina mikanda miwili: mmoja mbele, ambao ndio wa taimingi, na mwingine mdogo nyuma, unaozungusha pampu ya dizeli, ambao fundi asiyeizoea injini hiyo anaweza kuusahau kwa sababu umejificha. Mkanda huchakaa kwa kilomita na huchakaa kwa miaka pia, kwa hiyo muuzaji anapokuambia kwamba gari halikutembea sana, bado hajakujibu kama mikanda ilibadilishwa lini na nani. Injini hizo zimejulikana pia, popote zinapotumika, kwa tatizo la kranki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, kukatika. Si kila moja hukatika, mwanangu, lakini inayokatika haina oveholi; unaanza kutafuta injini nyingine. Halafu zipo kazi, kama kubadilisha turbo, ambazo mara nyingi fundi huzifanya kwa kunyanyua bodi yote kutoka kwenye chasisi. Nimemuuliza fundi wetu ni gereji gani hapa Mbeya au huko kwako Iringa ambayo angeiamini kwa kazi hiyo, akanyamaza kwa muda mrefu.

Umeandika kwa furaha kwamba gari hilo lilitoka Uingereza na si Japani. Uingereza wakati wa barafu humwaga chumvi barabarani, na chumvi hiyo hula chuma cha chini ya gari polepole. Ukiona chini kote kumepakwa rangi nyeusi mpya kama lami, usidhani ni usafi. Chukua bisibisi ugonge chasisi na mabomba ya breki, usikilize kama sauti ni ya chuma kizima.

Nimeikuza pia ile picha ya tairi. Limeandikwa 275/40R20, maana yake ukuta wa mpira kati ya rimu na barabara ni kama sentimita 11 tu, wakati tairi la Prado la 265/65R17 lina zaidi ya sentimita 17. Wewe unajua tunapolima. Ukitoka Chimala kupanda Matamba kwa zile kona hamsini na saba, mwezi wa tatu, mawe yametelemka na mvua, sentimita hizo sita ndizo zinazokuwezesha kufika.

Kuhusu wazo lako la pili, kwamba ukilikosa hilo utaagiza jingine kama hilo kutoka nje, piga hesabu kwanza. Chukua gari lililofika bandarini kwa shilingi 20,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, jumla inakuwa 25,000,000. Kwa injini inayozidi lita mbili kuna ushuru wa bidhaa asilimia 10, na kwa gari lililopita miaka kumi huongezwa asilimia 30, kwa hiyo unafika 35,000,000. Juu ya hapo kuna VAT ya asilimia 18. Umeshapita milioni 41, na bado sijataja tozo ndogondogo. Tena TRA hukadiria thamani ya gari kwa orodha yao wenyewe, hata kama risiti yako inaonyesha ulilipata kwa bei ya chini.

Mimi ningekushauri utafute Prado ya petroli ya lita 2.7, ile iliyotoka kabla ya mwaka 2009, hata ikiwa ya namba D, yaani iliyosajiliwa nchini kabla ya hizi mpya za namba E. Injini yake inatumia cheni badala ya mkanda. Sikufichi kwamba kwa fedha zako itakuwa imetembea sana, viti vyake huenda vikawa vya kitambaa, na kwenye mlima wa Kitonga malori yaliyo mbele yako hutayapita upesi. Lakini iangalie asubuhi, kabla haijawashwa: weka kiganja juu ya boneti uhakikishe ni ya baridi, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha kelele na moshi. Jina lililo kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha muuzaji, na faini za barabarani uzitazame kabla ya kulipa. Usimalize fedha zote, baba. Angalau milioni tano zibaki benki kwa ajili ya gari hilohilo.

Umeniandikia kwamba unataka nisafiri bila kuumwa mgongo nikienda kwa shangazi yako Tukuyu. Maneno hayo niliyasoma mara mbili, nikafunga duka mapema siku ile. Mgongo wangu unaweza kusubiri, wala Prado haitauumiza.

Kama baada ya haya yote moyo wako bado uko kwenye hilo Range Rover, usitoe malipo yoyote ya utangulizi. Nitamlipia fundi wetu nauli ya basi aende Dar es Salaam na mashine yake ya kupimia, alale huko, alione likiwa baridi asubuhi. Muuzaji akikataa lisipimwe, nipigie siku hiyohiyo.

Msalimie mkeo na watoto. Viazi nimewawekea gunia moja, njoo nalo gari lolote.

Mama yako